Ramu za seva, yenye R mwishoni, tafadhali kaka

Kaka habari za Dar, salamu zako kwa wazee nimezifikisha zote. Bi mkubwa mzima kabisa, Ijumaa baada ya swala nilipita Mikindani nikamkuta barazani anamenya ming'oko, akanifungia na mimi mfuko wangu, na kasema wewe ukija safari hii uje ukae, sio unaingia kama karani wa sensa unauliza hali halafu huyoo. Nimeufikisha ujumbe kama nilivyopewa, nisije nikadaiwa.

Sasa tuongee yetu. Nimeamua kuandika badala ya kukutumia voisi maana voisi unasikiliza nusu halafu unajibu "poa poa", na hili ukilisikiliza nusu hela imeenda. Mudi kaniambia Jumatano utakuwa Kariakoo. Naomba uninunulie ramu za seva, ile ninayofundishia vijana. Sio ramu za kompyuta ya mezani, sio za laptopu, za seva. Vipande vinne, GB 16 kila kimoja, DDR3, na kwenye stika isomeke PC3-12800R au PC3L-12800R, zote sawa kwangu, hiyo L ni ya kutumia umeme mdogo kidogo. Unachokiangalia wewe ni mwisho, R, R ya Rufiji. Ikiishia na E au U rudisha mezani hata wakikuongezea soda.

Nakwambia hivi kwa sababu duka moja huko huko lilishanitumia za E kwenye basi, "zote za seva hizo bosi". Na kweli E nazo ni ECC, zile zinazojisahihisha makosa, hajadanganya hapo, ila hazichanganyiki na za R kwenye mashine moja, ukichanganya seva haiwaki kabisa. Kurudisha ikawa hadithi, mara aliyeniuzia yuko msibani Tunduru, mara risiti haisomeki, mpaka leo ziko kwenye droo ya shemeji yako pamoja na vifungo vya mashati.

Na najua utaleta tena lile swali lako, kwa nini nisikodi tu mashine mtandaoni nikaachana na hili dubwana. Kaka umesahau Mei 2024? Kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya kuja kwetu Mtwara imekatika kule Somanga, mabasi yamelala, tukasema basi angalau intaneti ipo, siku chache tu mbele, tarehe 12, nyaya za baharini EASSy na Seacom zikakatika huko upande wa Afrika Kusini na intaneti ikawa ya kuokoteza nchi nzima. Mimi nina vijana wamekaa darasani, mashine za kukodi ziko Ulaya, tunaangaliana tu. Halafu unalipa kwa dola, kijana akisahau kuzima mashine yake Ijumaa bili inatembea mpaka Jumatatu. Na lingine ambalo wewe na databesi zako halikugusi, mashine nyingi za kukodi za bei ya chini hazikuruhusu kuwasha mashine pepe, yaani kompyuta ya programu tu, ndani ya mashine pepe, na mimi nakitaka hicho hicho, kwa sababu siwafundishi kuitumia klaudi tu, nawafundisha kuijenga. Hapa kwangu ni kuangalia tu kwenye kvm_intel, moduli ya Linux ya mashine pepe, kama nested imeandika Y, basi.

Kwa hiyo seva iko chumba cha nyuma, na ndani yake OpenStack, programu ya kujijengea klaudi yako mwenyewe, ile iliyoanzishwa na NASA na Rackspace 2010, hailipiwi. Na juu yake kuna kitu kinaitwa Heat, ndio nilichokuwa nakuhadithia siku ile simu ikakata. Unaandika faili moja la maandishi ya YAML, ndio templeti, unasema nataka mtandao, sabneti, ruta, mashine mbili, anwani moja ya kuingilia kutoka nje, unapiga openstack stack create unaenda zako kunywa chai. Yenyewe inasoma nani anamtegemea nani, mtandao kwanza, halafu poti, yaani mlango wa mashine kwenye mtandao, halafu mashine, na ukisema delete inabomoa kinyumenyume mpaka hakibaki kitu. Faili ni moja kwa vijana wote, kinachobadilika ni parameta tu, jina la mtu na ufunguo wake.

Aisee hapo ndipo nimenogewa. Zamani kijana akivuruga Keystone, inayokagua nani aingie, au akifuta kitu kwenye databesi ya Nova, inayowasha mashine, ilikuwa jioni yangu imeisha, nakaa nafumua mpaka isha, kwa hiyo ikawa kila saa usiguse hiki, usifungue kile, sasa mtu atajifunza nini kwa kutazama? Siku hizi kila mmoja ana klaudi yake ndogo ndani ya yangu, nawaambia vunjeni. Kuna mmoja kafuta ruta yake kwa makusudi aone nini kitalia, nikamwacha, tukakaa tunasoma logi pamoja, akishamaliza kuelewa, stack delete, stack create, anaanza upya. Mwingine alinichekesha, mstari wa kwanza wa templeti unaandika heat_template_version 2013-05-23, yeye akaona hiyo tarehe imepitwa na wakati, akaweka ya siku ile. Ikamkatalia. Akaweka ya jana. Kumbe pale sio tarehe ya leo inayotakiwa, ni jina la toleo, na matoleo yanayokubalika yanajulikana. Darasa zima sasa wanamwita Kalenda.

Ila isikudanganye ukadhani ni raha tupu. Kwanza Heat inakwambia CREATE_COMPLETE pale tu Nova inaposema mashine imewaka, kumbe DevStack, ile OpenStack ya kujifunzia, ndani yake ndio kwanza inashusha vifurushi, na kwa kasi ya intaneti ya huku unaweza kwenda sokoni ukarudi. Ikabidi niweke WaitCondition, yaani templeti isubiri mpaka mashine yenyewe itume ishara kwamba imemaliza, na vifurushi vya Ubuntu nikaviweka hapa hapa vijana wavute kutoka chumba cha pili sio kutoka ng'ambo.

Pili ni mtandao wa ndani ya mtandao. Neutron, sehemu ya OpenStack inayoshika mtandao, ile ya nje ni kama mlinzi wa geti la bandari, paketi ikitokea kwenye poti na anwani ambayo hakuisajili yeye anaitupa kimya kimya, hakuna erori hakuna nini, na klaudi ya ndani kazi yake ndio hiyo, kugawa anwani ambazo ya nje haizijui. Hilo dawa yake ni kwenye templeti, ile poti unaiwekea port_security_enabled false. Sawa. Wakafurahi, pingi inapita, lakini mtu akijaribu SSH, kuingia kwenye mashine kwa mbali, inaganda. Pingi safi, SSH imeganda! Hapo ndio yule binti wa Newala, yule mkimya niliyekwambia, akaanza kutuma pingi kubwa kubwa akizipandisha kidogo kidogo mpaka akaona zinafia wapi. MTU, ukubwa wa mwisho wa paketi. Mtandao wa kawaida unabeba baiti 1500, VXLAN yangu ya nje, bahasha ya kufungia paketi, inakula 50 unabaki na 1450, na DevStack ya ndani inakuja na bahasha yake, Geneve ya OVN, inayokula 58 nyingine, kwa hiyo mashine ya ndani kabisa inatakiwa 1392, yenyewe kule ndani inadhani bado ina 1500 za mwanzo, ikawa inatoa 58 humo. Pingi ndogo inapenya, paketi iliyoshiba inakwama. Akaenda kuandika global_physnet_mtu 1450 kwenye usanidi wa ile ya ndani, ikafunguka. Nimefundisha watu wazima wenye vyeti ukutani wasingeliona lile.

Sasa huyo binti ndiye ananifanya nikusumbue na ramu. Kila kijana lab yake inataka kontrola, mashine inayoongoza, ya GB 8 na kompyuti, inayobeba mashine pepe, ya GB 4, jumla 12, na seva nzima ina 64, nayo yenyewe lazima ibaki na zake. Wanne kwa wakati mmoja, imeisha hiyo. Prosesa unaweza kuikopesha huku na huku haina shida, ramu nayo kwenye makaratasi inakopesheka lakini wote wakiitumia kwa pamoja Linux inaanza kuchagua nani afe, na kila mara inachagua databesi, MySQL. Kwa hiyo wanapokezana, wanne wanafanya, wengine wamekaa nje chini ya mkorosho wanaangalia simu, na wa Newala kwa sababu hapigi kelele zamu yake ndio inayoliwa kila siku. Ukileta hizo 64 nyingine tunafika tisa kwa pamoja. Sijaomba seva mpya wala majenereta, vipande vinne tu.

Kabla hujalipa piga picha ya stika unitumie, nitakujibu hapo hapo, na mwambie muuzaji tunazipima na memtest, programu ya kupima ramu, zikilia zinarudi, aandike hivyo kwenye risiti kwa mwandiko wa binadamu. Hela nakurushia kwenye simu Jumanne usiku. Usikubali bei ya kwanza, unavyovaa siku hizi watakuona bosi.

Shemeji yako anasema ukija ndio useme wewe kuhusu kelele za feni, mimi hanisikilizi tena. Umeme ukikatika ndio anashukuru Mungu. Gesi inatoka Msimbati hapo jirani lakini kukatika pia tunakatika, UPS inanipa dakika za kuzima vizuri tu, hilo nalo tutaliongea siku nyingine maana betri zake... acha tu.

Haya nijibu haya. Kariakoo unaenda asubuhi au mchana? Basi unapanda lini, na unashuka stendi au nije kukupokea Mikindani? Ramu utazibeba mkononi au utazitupa kwenye buti pamoja na mabegi, maana nakujua? Templeti nikikutumia utaisoma kweli au utaniambia poa poa? Yule jamaa yako wa Nachingwea bado ana zile hadi disiki au kauza? Na shati langu la harusi ya Mudi, kaka, linarudi au nihesabu limeolewa huko?

Ni mimi
Baba Nasra, Shangani