Ngiri si ya wanaume peke yao

Ndugu Mhariri,

Kwenye nguzo ya umeme mbele ya kibanda changu cha kushonea, hapa Morogoro, pamebandikwa tangazo la mganga: ngiri, busha, nguvu za kiume, mvuto wa biashara. Nimelisoma miaka miwili bila kujua kwamba ngiri ninayo mimi, mama wa watoto watatu.

Wa mwisho alitoka kwa upasuaji, mshono wa wima chini ya kitovu. Kovu likakauka vizuri, ila nikikohoa au nikijitwika ndoo, kinundu kama ndimu kinachomoza pembeni yake. Nikilala chali kinarudi. Mama mkwe akasema nilifungua mkaja mapema. Jirani akasema ni mimba.

Hospitali ya kwanza wakasema ni ngiri, ukuta wa tumbo umepata tundu penye mshono, dogo, sentimita mbili hivi, litashonwa. Wakashona. Haikutimia miezi minane, kinundu hicho hapo.

Ya pili, daktari aliposikia kazi yangu akauliza, "Suruali ikitatuka makalioni, mama, unashona ukingo kwa ukingo?" Nikamwambia thubutu! Kitambaa kimeshachoka, uzi utakata pembeni na tundu la pili litakuwa kubwa kuliko la kwanza. Unaweka kiraka kwa ndani, kizidi tundu pande zote. Akasema na tumbo ni hivyo hivyo. Kiraka chake ni wavu wa plastiki, nyama inaota katikati ya matundu na kuushika. Akanitajia utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2000: ngiri ndogo za mshono zilizoshonwa kwa uzi tu, ndani ya miaka mitatu zilirudi asilimia 44, zilizowekewa wavu, asilimia 6.

Ndiyo kwanza nasikia habari ya wavu, nimeshapasuliwa mara mbili! Nilirudi kule kwa kwanza kuuliza. Nikajibiwa kwamba wavu ni ghali na wagonjwa wengi hawauwezi, kwa hiyo hawakuona haja ya kunitajia. Mhariri, mfuko wangu naujua mimi. Ningeambiwa, ningeuza hata cherehani moja.

Tena hiyo bei haikuandikwa mbinguni. Mwaka 2016 madaktari wa Uganda na Sweden walichapisha matokeo ya wanaume 302 wenye ngiri ya kinena. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani, nusu kitambaa cha neti ya mbu kilichotakaswa kitaalamu, na baada ya mwaka mmoja hali zao zilikuwa karibu sawa. (Msije mkakata ya kitandani.) Wizara itutafutie wavu wa bei nafuu kama huo wa neti, akina mama wa kisu nasi tufikiriwe.

Tangu nipone, wateja watatu wamenionyesha matumbo yao nyuma ya pazia la kupimia. Mmoja kinundu kilikuwa kigumu, kinauma, hakirudi, naye anatapika. Huyo sikumpima gauni. Nilimwita kijana wa bajaji, nikafunga kibanda, tukaenda hospitali saa ile ile.

Mama Fundi,
Morogoro