Kupepesa macho si waswasi

Mhariri,

Mtoto wa miaka 7 anapepesa macho mfululizo. Baada ya mwezi macho yametulia, lakini bega linaruka, kisha anajikohoza kama mwenye mwiba kooni. Nyumbani anakemewa, madrasa anaonekana mtukutu, jirani anasema ni kijicho. Mtaa huohuo kuna mwenziwe anayekaa bombani nusu saa akitia udhu, na kila akifika miguuni anaanza upya. Wote wawili huambiwa wana waswasi. Sisi tunaohudumia watoto kama hawa hapa Mombasa tunawaomba wazazi na walimu wasiwatie kapu moja, maana kinachomfaa huyu hakimfai yule.

Wa kwanza ana tiki: mshtuko mfupi wa misuli au wa sauti, unaojirudia bila mpigo maalumu. Mara nyingi huanza kati ya miaka 4 na 6, huzidi anapofika 10 hadi 12, na kwa wengi hupungua ujanani. Mtoto aliyekua kidogo atakwambia kuna kitu anakisikia mwilini kabla yake, mwasho jichoni au mkazo shingoni, kama chafya inayotaka kutoka. Akifanya, hutulia, kisha hurudi. Anaweza kujizuia darasani asubuhi nzima, na akifika nyumbani zikamfumka zote. Hapo ndipo mzazi husema, "Akitaka anaacha." Hilo ni kosa, na linawaumiza watoto sana. Kumkaripia humwongezea wasiwasi, na wasiwasi huzidisha tiki.

Wa pili shida yake huanzia kwenye fikira. Mikono ina najisi; mlango haukufungwa; nikikosea nia, mama atapatwa na jambo. Hofu inampanda, naye huosha, hukagua, huhesabu au huuliza ili aishushe. Udhu ni kuosha si zaidi ya mara 3, na yakini haiondolewi na shaka. Mtoto huyu anayajua hayo kwa moyo, ila hayamtulizi. Haya ni maradhi, si upungufu wa imani. Hospitalini huandikwa OCD, kifupi cha Kiingereza cha maradhi ya fikira zinazong'ang'ania na vitendo vya kujilazimisha, hasa yanapomla zaidi ya saa 1 kwa siku au kumvurugia masomo na usingizi.

Basi muulizeni kwa upole, mkiwa peke yenu: "Kabla hujafanya ulisikia nini? Ungeacha, kungetokea nini?" Akijibu, "Jicho lingeniwasha," elekea kwenye tiki. Akijibu, "Mama angekufa," elekea kwenye OCD. Lakini yupo anayegusa mwimo wa mlango kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, tena na tena "mpaka isikike sawa", wala haogopi chochote. Huyo yuko mpakani, na miongoni mwa wenye tiki za miaka mingi si wachache wenye OCD pia. Msikate shauri wenyewe.

Tiki nyepesi hazihitaji dawa. Zikimsumbua, hufundishwa kuutambua ule mwasho mapema na kufanya kinyume chake: bega linalotaka kuruka analishusha, kiwiko akakibana ubavuni, akashikilia kwa dakika 1 au mpaka hamu ipite. Anayejikohoza hufunga mdomo na kuvuta pumzi polepole kwa pua. Kazi ya nyumba nzima ni kutozitaja tiki.

Kwa OCD njia ni nyingine: kuikabili hofu bila kufanya kile kitendo. Hofu huandikwa na kupewa alama 0 hadi 10, na mtaalamu huanza naye na iliyo ndogo. Anatawadha mara moja, anaondoka bombani, harudi. Hofu itapanda, kisha itashuka yenyewe. Hurudiwa kila siku. Hapa familia nyingi huharibu kwa huruma, zikimjibu "mikono ni safi" mara ishirini kwa jioni moja. Kila jibu humtuliza kidogo na kuyalisha maradhi. Daktari akimwandikia fluoxetine au sertraline, wiki 8 hadi 12 ndizo za kupima faida yake, si siku tatu, na isikatishwe ghafla. Dawa hizo si za kutibu tiki.

Kabla ya kwenda kliniki, mrekodini kwa simu dakika moja akiwa ametulia nyumbani, kwa sababu tiki hujificha mbele ya daktari. Andikeni pia zilianza lini na zilihamia wapi. Ila msingoje miadi ikiwa mtoto anazubaa ghafla na hasikii akiitwa, maana huenda ni kifafa. Au mikono na miguu inachezacheza bila kukoma wiki au miezi kadhaa baada ya kuumwa koo, maana hiyo yaweza kuwa homa ya baridi yabisi inayodhuru moyo. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Wahudumu wa afya ya akili ya watoto,
Mombasa