Kina mama wa methadoni na watoto wao: tupange hivi

Habari za asubuhi wapendwa. Hii ni kwa wahudumu wa jamii wote wa Dar.

Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, hunywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo kikao cha ustawi wa jamii kisiwekwe asubuhi upande mwingine wa jiji. Mama ataacha kimoja, halafu ataandikwa kuwa hatoi ushirikiano. Afisa ustawi amfuate kliniki, au kikao kiwe mchana. Akikosa dozi siku 3 mfululizo, daktari ampime upya kabla ya kumpa tena. Kiwango kilekile kinaweza kumzidi.

Mjamzito asiachishwe methadoni ghafla, arosto (maumivu ya kukosa dawa) inaweza kuharibu mimba. Miezi ya mwisho dozi huenda ikaongezwa, na hiyo si dalili ya kurudia heroini. Liandikeni hilo kwenye rufaa ya wodi ya wazazi, pamoja na dozi kwa miligramu. Arosto ya kichanga huchelewa, mara nyingi siku ya 2 au ya 3, hivyo waombeni wa wodini wasimruhusu kwenda nyumbani mapema. Kunyonya na kubebwa kifuani humtuliza sana.

Idhini ya mama ya kushirikishana taarifa iwe ya maandishi. Mtoto akiwa hatarini, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto.