Mbegu za miti ya asili hazijafa, zimelala

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaodai kwamba mbegu za miti ya asili zisipoota kitaluni ndani ya wiki chache zimekufa. Nyingi huwa zimelala tu, na mara nyingi kinachoziamsha ni joto.

Mbegu za jamii ya migunga zina ganda gumu lisilopitisha maji, na joto la moto wa nyika hulifungua mahali padogo mpaka maji yakapenya. Ndiyo maana hapa Njombe shamba la miwati, mti wa kigeni wa jamii hiyo hiyo ya migunga, likichomwa, mvua za kwanza huotesha miche iliyosongamana kama nywele, ingawa baadhi ya mbegu hizo zilikaa ardhini miaka mingi. Watunza vitalu huiga hali hiyo kwa kuziloweka katika maji ya moto. Anayezichemsha kama maharage, huyo kweli ameziua.

Mbegu nyingine, hasa zile ndogo, huongozwa na tofauti ya joto la mchana na la usiku, ambayo ni ndogo chini ya kivuli na huongezeka pale mti mkubwa unapoanguka.

Joto linalozifaa mbegu hutegemea pia mahali zilikotoka: Uwanda wa Kitulo, ulio mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari na wenye sakitu (umande ulioganda) mwezi Juni na Julai, haulingani hata kidogo na bonde la Usangu, lililo chini na lenye joto. Nashauri wanaogawa mbegu waandike kwenye kila pakiti mwinuko zilikookotwa na namna ya kuziandaa.

Msomaji wako,
Njombe