Barua kwa vijana mnaotafiti sera za sayansi na teknolojia: swali liwe la kwetu

Wanangu, marahaba. Nawaandikia nyie mlioko Dar, Dodoma, Nairobi, Kampala na kwingineko, mnaosomea na kufanyia kazi hizi sera za sayansi na teknolojia, kazi ambayo hata nyumbani ukiulizwa unafanya nini inabidi ueleze mara tatu. Mimi nimestaafu, miaka mingi nilikuwa nazunguka na madodoso ya kuhesabu nani anafanya utafiti na kwa hela gani, na kuna jambo limenikaa moyoni nataka niwaambie mapema kabla hamjazoea: maswali ya utafiti tuyaulize wenyewe, yatoke kwa watu wetu.

Mnakumbuka ishu ya mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, kule Kenya? Septemba 2012 ikatoka makala ya Ufaransa, panya 200 wamelishwa mahindi hayo, picha za uvimbe zikazunguka dunia nzima, na Novemba mwaka huohuo Kenya ikapiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO. Novemba 2013 jarida lililoichapisha likaifuta ile makala, mwaka uliofuata ikachapishwa tena kwenye jarida jingine, wazungu wakaendelea kubishana wenyewe, na huku kwetu marufuku ikakaa mpaka Oktoba 2022 ndo serikali ikatangaza kuiondoa. Sisemi GMO ni nzuri wala mbaya, msinielewe vibaya. Ninachosema ni kwamba karibu miaka 10 chakula cha watu wetu tumekibishania kwa panya wa watu wengine, na Tanzania nako tukapanda mahindi ya GMO kwa majaribio Makutupora, Dodoma, 2016, Januari 2021 yakasimamishwa, na mkulima wa Dodoma mpaka leo ukimuuliza alijifunza nini kwenye yale majaribio hana cha kukuambia. Hapo ndo palikuwa pa kwenu. Mtu wa kukaa na waziri, na mkulima, na daktari, na muuza mbegu, akaja na karatasi mbili tatu za Kiswahili kizuri zinazosema tunajua hiki, hiki hatujui, na kukijua tunahitaji hela kiasi hiki na misimu mingapi.

Sheria na ahadi tunazo, tena nyingi. Lagos 1980 viongozi wa Afrika walisema asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye sayansi, 2007 Addis Ababa wakarudia maneno yaleyale, Tanzania ikaunda COSTECH, tume yake ya sayansi na teknolojia, kwa sheria ya 1986, Kenya 2013 ikaandika kabisa kwenye sheria asilimia 2 iende kwenye mfuko wa utafiti. Sasa nani anafuatilia shilingi kwa shilingi kila bajeti ikisomwa? Mfadhili hatakulipa kufuatilia hilo, kwa hiyo fuatilieni hata bila mfadhili, maana nimeona maandiko mengi sana ya miradi ambayo swali limeshaandikwa huko linakotoka hela, sisi tunajaza tu jina la wilaya. Na data ikishakusanywa inaondoka. Ofisi moja niliyofanya kazi, madodoso ya miaka minne yalikaa stoo mpaka mvua ikaingia, na ripoti yake tukaja kuinunua kutoka nje. Niliumia sana siku ile, nayabeba yale makaratasi yameshikana kama chapati.

Halafu kuna hili la kupima. Mwongozo tunaotumia kuhesabu utafiti unaitwa Frascati, ni mji wa Italia walikokutana wataalamu wa nchi tajiri 1963, ni mwongozo mzuri, usomeni. Ila siku moja niliingia karakana ya fundi mmoja mtaa wa Gerezani, Dar, anatengeneza mashine za kupukuchua mahindi, punje zilikuwa zinavunjika kwa wateja wake wanaovuna mahindi hayajakauka vizuri, sasa yule fundi alikuwa anabadilisha nafasi kati ya vipande vya nondo kwenye lile pipa, anajaribu debe moja, anahesabu zilizovunjika, anachora mstari wa chaki ukutani, anakata anachomelea tena. Ukuta mzima chaki. Dodoso langu likauliza: je, mna idara ya utafiti? Hapana. Mna bajeti ya utafiti? Hapana. Nikaandika hapana zote nikasaini nikaondoka, na kwenye hesabu ya taifa yule bwana hayupo. Hilo kosa nililifanya mimi kwa mkono wangu, na bado linanisumbua.

Marehemu Profesa Calestous Juma, Mkenya aliyebobea kwenye sera hizi za sayansi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mombasa, akawa mwandishi wa habari za sayansi na mazingira Daily Nation, akaenda kusoma Sussex, na 1988 akaanzisha ACTS, kituo cha kutafiti sera za teknolojia, palepale Nairobi. Nafikiri ule uandishi ndo ulimfundisha kumfuata mtu alipo na kumuuliza. Nyie posho za semina zisiwazuie kufanya hivyo. Na mkiandika, mwekeeni nakala aliyewajibu maswali, mama wa shambani na fundi, kwa lugha anayoisoma.

Mimi nimebaki na madaftari mawili, mafundi na wakulima niliokutana nao nikashindwa kuwaingiza kwenye dodoso, nimeandika nini walikuwa wanajaribu na wapi. Wengi nadhani wako hai. Atakayetaka kuanzia hapo aje nyumbani nimpe, ila aje na muda, maandishi yangu ni mabaya inabidi tusome pamoja.

Mzee wenu.