Mtoto wangu alihama na Kiswahili chake, darasani hakikutosha

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niseme jambo ambalo nimekaa nalo moyoni karibu miaka miwili. Kila ikifika 7 Julai tunasikia hotuba za Siku ya Kiswahili Duniani, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, na kila mwaka wakubwa wetu wa Afrika Mashariki wanasema Kiswahili ndicho kinatuunganisha, na mimi nakubali manake nimeolewa na Mtanzania na lugha tuliyopendania ni hiyo hiyo. Lakini kuna mahali hiki Kiswahili chetu kimoja kinamwacha mtoto anapohama na wazazi wake, na sijasikia mtu akiongelea.

Mimi ni Mkenya. Tulikuwa tunakaa Kitengela, mume wangu kwao ni Arusha, na Desemba 2023 tukafunga nyumba tukahamia kwao kwa sababu mama yake macho yalikuwa yanaziba, mtoto wa jicho kwa macho yote mawili, na pale mtaa wa Sakina alikuwa anaishi peke yake akipapasa ukuta kwenda jikoni. Hatukukaa vikao vingi. Tulingoja tu mtoto amalize Gredi ya 3 na shule zifungwe.

Watu walinitisha sana na mpaka wa Namanga, eti tutalala hapo, kumbe haikuwa hivo. Siku hizi maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, unagongewa muhuri wa kutoka unasogea dirisha la pili unagongewa wa kuingia, na vitu vyetu vya nyumbani tuliviandika kwa fomu kimoja kimoja mpaka sufuria na hatukutozwa ushuru kwa sababu ni vyombo vya mtu anayehama makao. Mama mkwe wangu aliposikia tumepita asubuhi na mchana tuko kwake hakuamini, yeye anakumbuka Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivyovunjika 1977 na mpaka ukafungwa hadi 1983, miaka ambayo ndugu wa upande huu na wa ule walikuwa hawaonani. Kwa hivyo nikisema kuna shida naomba nisieleweke kwamba sioni kilichofanyika. Mpakani kimefanyika.

Pia huku nimepokelewa vizuri, hilo niliseme mapema. Wiki ya kwanza mume wangu alinipeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa nikaandikwa, majirani wakaja na ndizi na mkaa, na ndani ya mwezi nilikuwa nimeingizwa kikoba, yaani kile sisi Kenya tunaita chama. Kuzoea maneno ndo kulichukua muda. Soko la Kilombero, hapa Arusha, niliomba ndengu nikapewa dengu, nikafika nyumbani nakuta ni kitu kingine kabisa, ndengu zetu wao wanaita choroko. Minji ni njegere, dhania ni giligilani, waru ni viazi mviringo, stima ni umeme. Nikisema "nipe kilo moja" nilikuwa naona sura ya muuzaji inabadilika na sikujua kwa nini mpaka wifi yangu akanishika mkono akaniambia polepole, dada huku tunasema naomba. Na hesabu ya hela pia, shilingi ya Kenya moja inacheza kwa ishirini hivi za Tanzania, kwa hivyo miezi ya mwanzo kila bei nilikuwa naigawanya kichwani kabla sijajibu. Hayo yote mtu mzima anayaweza. Anauliza, anakosea, anarekebishwa, maisha yanaendelea.

Kwa kazi nitapita haraka. Kenya nilikuwa nasuka nywele, huku nilikuwa nafuatilia vibali nijue naweza kufungua saluni, na hapo kuna mambo mawili ambayo wenzangu wengi hawajui, kwamba kibali cha ukaazi cha Uhamiaji ni kitu kimoja na kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi ni kingine, kuwa na kimoja haimaanishi unacho cha pili. Nikiwa bado nahangaika, Julai 2025 ikatoka amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogondogo na saluni ikawemo, isipokuwa ya hotelini au ya utalii. Iliniuma na bado inaniuma, na naamini itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza 1 Julai 2010 ilituahidi tofauti. Lakini hilo wameliandika watu wengi wenye kujua sheria kuliko mimi. Mimi naandika kwa sababu ya mtoto.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Kitengela alikuwa anasoma shule ambayo masomo yote ni kwa Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe, na hesabu ndo alikuwa anaipenda kuliko yote, mwalimu wake alikuwa akimtuma ubaoni kuwaonyesha wenzake. Huku shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, hazina ada, na sisi na mgonjwa nyumbani hatukuwa na uwezo wa zile za binafsi za Kiingereza. Kila mtu tuliyemuuliza alitujibu hivo hivo, mume wangu, majirani, hata mimi mwenyewe nilijiambia, si ni Kiswahili tu na yeye anaongea Kiswahili tangu azaliwe, atazoea kwa wiki mbili.

Shule ya kwanza tuliyoenda walimpa jaribio la hesabu la dakika arobaini. Nilikuwa nimekaa nje kwa benchi. Alitoka akiwa amekunja ile karatasi ndogo kabisa mkononi. Nikaifungua, alikuwa amepata 11 kwa 50. Swali liliandikwa "tafuta mzingo wa mstatili", akaacha wazi. "Orodhesha namba witiri", akaacha wazi. "Taja kiasi na asili katika sehemu hii", hapo aliandika jina langu na la baba yake, manake asili yeye aliielewa kuwa ni mahali mtu ametoka. Halafu swali la saa lilikuwa na picha ya saa ya ukutani, mshale mfupi kwa tisa, na ni asubuhi, akaandika saa 9:00 asubuhi kama alivyofundishwa kwa Kiingereza, na jibu la Kiswahili ni saa 3:00. Mdomoni anajua vizuri sana kuwa ni saa tatu, lakini kwa karatasi ya hesabu hajawahi kuona hivo maisha yake yote.

Mwalimu aliyetupokea akaniambia mtoto hajui hesabu, arudishwe darasa la tatu. Simlaumu sana yule mwalimu, alikuwa anaangalia karatasi na karatasi ilikuwa inasema hivo. Lakini mtoto alisikia. Tangu siku hiyo akaanza kusema mwenyewe kwamba yeye hajui hesabu, na mimi nilikuwa najua anajua, na sikuwa na njia ya kuonyesha. Ripoti zake za Kenya hakuna aliyejua azisome vipi, na namba yake ya mwanafunzi ya kule, ile ya mfumo wa serikali wa NEMIS, haikuwa na maana yoyote huku ambako mtoto anatakiwa awe na namba ya PREM, ya usajili wa wanafunzi wa Tanzania. Ni kama hajawahi kukaa darasani.

Shule ya pili walikubali aingie darasa la nne kwa majaribio, Januari 2024. Darasa la nne Tanzania si la kuingia hivi hivi kwa sababu mwisho wa mwaka kuna upimaji wa kitaifa, kwa hivyo tulikuwa na miezi kama kumi. Na si hesabu peke yake. Sayansi na teknolojia kwa Kiswahili, maarifa ya jamii na mikoa 31 badala ya kaunti 47, uraia na maadili, wimbo wa taifa mwingine, mihula miwili badala ya mitatu. Mambo ya nchi mpya sawa, hayo lazima ajifunze na ni haki ajifunze kama wenzake. Lililoniuma ni kufundishwa upya kile anachokijua tayari, kwa kukosa tu majina yake.

Aliyetuokoa ni yule mgonjwa tuliyekuja kumtunza. Siku za kwanza mtoto alimwita nyanya, kama sisi kwetu, akaambiwa nyanya ziko sokoni mjukuu wangu, mimi ni bibi, na ilibidi nimweleze mtoto kwamba huku bibi si mke wa mtu. Basi bibi alimaliza darasa la saba miaka ya sabini, wakati Kiswahili kilikuwa tayari ni lugha ya kufundishia shule za msingi, na yale maneno yote anayo kichwani hayajapotea hata moja. Haoni kusoma. Lakini jioni walikuwa wanakaa kwa mkeka, mtoto anasoma swali kwa sauti, akifika kwa neno asilolijua anasimama, na bibi anamwambia. Namba witiri ni zile ukigawa kwa mbili kuna moja inabaki peke yake, zisizobakisha ni shufwa. Mzingo ni ule mwendo wa kuzunguka shamba lote kwa nje mpaka urudi ulipoanzia, akamtoa nje akamwambia azunguke nyumba akihesabu hatua, yeye amemshika bega. Asili ni namba ya chini kwa sababu ndo inakuambia kitu kizima kilikatwa vipande vingapi, kiasi ni wewe umechukua vingapi. Nilikuwa jikoni nasikia nikaacha kupika, manake hata mimi sijawahi kufundishwa sehemu vizuri namna hiyo. Wanakosa usingizi wote wawili, bibi anamuuliza usiku wa manane taa zimezimwa, "namba tasa ni nini", na mtoto anajibu kutoka kitanda kingine.

Kila neno aliliandika kwa daftari. Upande mmoja Kiingereza cha Kitengela, upande wa pili Kiswahili cha bibi. Mwalimu wake wa darasa alipoliona aliomba alibebe nyumbani, na kumbe darasani kwao kulikuwa na watoto wengine wawili waliotoka Kenya na mmoja Uganda, huyo wa Uganda Kiswahili chenyewe hata cha kuongea alikuwa hana. Wale watoto wakawa wanakaa na daftari la binti yangu katikati ya dawati. Kwenye upimaji alipata alama nzuri ya hesabu, na sasa yuko darasa la tano na ameacha kusema hajui.

Sasa Mhariri, si kila mtoto anahamia kwa bibi aliyesoma. Itifaki yetu ya Soko la Pamoja kifungu cha 10 inaruhusu mfanyakazi aende na mke au mume na mtoto, na kifungu cha 11 kinaongelea kutambuliana vyeti vya elimu, nimevisoma. Lakini mtoto wa miaka tisa hana cheti cha kutambuliwa, ana vile alivyofundishwa tu, na kinachohitajika kumvusha ni kitu kidogo mno. Tuna Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar. Tuna BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ambalo liko tangu 1967. Maneno haya hayahitaji kubuniwa, yako ndani ya vitabu vya shule za Tanzania kwa miaka mingi. Naomba waketi na walimu wa shule za msingi wa nchi zetu watoe kijitabu kimoja chembamba cha maneno ya hesabu na sayansi, Kiswahili na Kiingereza, na Kifaransa pia kwa wenzetu wa Kongo na Burundi, na hilo suala la saa liwemo maana ni mtego mkubwa. Kipelekwe shule za maeneo ya mpakani kwanza, Namanga, Holili, Taveta, Sirari, Mutukula, ambako watoto wanavuka kila mwaka. Na anayehamia Kenya kutoka Tanzania naye akipate, huyo nadhani ndo anaumia zaidi, anatoka Kiswahili anaingia Kiingereza na hakuna bibi wa kumtafsiria.

Na kwa walimu wakuu ombi langu ni moja. Kabla mtoto mgeni hajarudishwa darasa, apewe hesabu ambayo haina maneno. Namba tupu na alama zake, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, dakika kumi tu. Binti yangu angepata zote.

Bibi alifanyiwa upasuaji wa jicho moja mwaka huu na sasa anaona. Kitu cha kwanza alichoomba asomewe, halafu akasema hapana leteni nisome mwenyewe, ni lile daftari. Alirekebisha maneno manne kwa kalamu nyekundu. Limefika maneno mia mbili na kitu, karatasi zimeanza kuachia, na kama kuna ofisi yoyote italihitaji kwa kuanzia tuko tayari kulitolea kopi.

Mama mzazi,
Sakina, Arusha