Kabla hujaanza kazi wodini

Mwanangu,

Tumefurahi kusikia umefika Leeds salama na Jumatatu unaanza kazi wodini. Mamako alilia kidogo, halafu akaenda kupika. Mimi nimekaa hapa nje, nikaona nikuandikie mambo ambayo mtihani wako wa Kiingereza haukuuliza.

Kiingereza unanishinda, hilo halina ubishi. Changu nilikiokota barabarani nikiendesha watalii kutoka Nairobi hadi hapa Nakuru ziwani, na maneno mengine yalinitia aibu kwanza. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba mama mmoja mzee, Mwingereza. Tulipofika pale juu watu wanaposimama kutazama Bonde la Ufa, akaninong'oneza, "I need to spend a penny." Nikafurahi! Peni si ni pesa? Nikamfikisha duka la vinyago ninakopewa kamisheni. Mwenye duka akamtia kifaru cha mti mkononi, akamtandazia ngozi za kondoo moja baada ya nyingine, na mama wa watu anahamisha uzito mguu huu, mguu ule, jasho linamtoka. Mumewe ndiye aliyekuja kuniambia: anatafuta choo.

Kumbe vyoo vya umma kwao vilikuwa vya peni moja. Hata kwenye yale maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, George Jennings aliyeweka vyoo pale alitoza hiyo hiyo. Wazee wengine bado wanasema hivyo, na wodi yako itajaa wazee. Ukisikia peni, usitafute chenji.

Lakini na sisi tuna yetu. Tukisema mtu ameenda kujisaidia, nani anauliza zaidi? Sasa ngoja mwenzako akualike kwake, apange chakula mezani, kisha akwambie, "Help yourself." Neno kwa neno ni kujisaidia, tena pale pale mezani! Usishtuke. Anasema jipakulie.

Mgonjwa akikwambia "I feel poorly," hazungumzii umaskini, anaumwa. Akisema amepata "a funny turn," hakuna cha kuchekesha: ameshikwa na kizunguzungu ghafla, mlaze umpime presha. Na huko kaskazini mwa Uingereza uliko, "tea" mara nyingi ni chakula cha jioni, kwa hivyo anayeiulizia hatashiba kikombe. Wenzako nao watakupita asubuhi na "You alright?" bila hata kusimama. Hiyo ni "mambo" yao. Usianze kueleza baridi na usingizi, jibu "alright" uendelee na kazi.

Kuna moja bado inaniudhi. Mtalii alijikwaa kwenye jiwe, nikamwambia "sorry" vile ningemwambia mtu yeyote pole. Akanitazama: kwani wewe ndiye uliyenisukuma? Yaani kwao mara nyingi neno hilo ni la mwenye kosa, na pole yetu nimeitafutia mwenzake miaka yote hii, sijapata. Mimi nasema hapo lugha yao ndiyo iliyopungukiwa. Wewe wape tu wagonjwa wako hiyo "sorry", watazoea.

Nyanyako anauliza kama unga wa ugali unapatikana huko. Nimemwambia utamjibu mwenyewe. Piga Jumapili, saa mbili usiku ya huku, kabla hajalala.

Babako